Seli za glia si gundi tu

Hapa Moshi, kwenye vituo vya tuisheni, bado nawasikia wanafunzi wa baiolojia wakikariri kwamba kazi yote ya ubongo hufanywa na neuroni, yaani seli zinazopitisha ishara, na seli za glia zilizo kando yake ni gundi ya kuzishikilia tu. Si kweli, na inaniuma, maana sehemu tamu ya somo inaachwa hapo hapo.

Ben Barres wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walikuza neuroni za retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) ya panya bila glia. Ziliishi, zikatoa matawi, lakini mawasiliano yake yalikuwa hafifu. Zilipowekwa pamoja na astrosaiti, ambazo ni aina mojawapo ya glia, sinapsi, yaani viungo ambapo neuroni hupashana habari, ziliongezeka takriban mara saba. Matokeo hayo yalichapishwa 2001. Astrosaiti pia hunyonya glutamati, kemikali ya kupitishia ujumbe inayomwagwa na neuroni, na glutamati hiyo ikizigusa astrosaiti, kalsiamu hupanda ndani ya seli hizo. Yaani zinapokea taarifa, na zinajibu.

Na ile hesabu inayorudiwa mara nyingi, kwamba ubongo una glia kumi kwa kila neuroni? Nayo iachwe. Mwaka 2009 mtafiti wa ubongo Suzana Herculano-Houzel na wenzake walipata neuroni kama bilioni 86 katika ubongo wa binadamu, na seli nyingine zote zikiwa karibu idadi hiyo hiyo.