Usianze kwa kuuliza kabila: kurekodi simulizi za Wazigua wa Juba

Mzee wa bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, ukimuuliza kabila lake, kwanza atakutazama wewe ni nani. Akikuona una fomu ya ukimbizi, ni Mbantu. Akisikia umetokea Handeni, Tanzania, kwa Wazigua, ni Mzigua. Hadanganyi, ila umepata jibu la fomu, hujapata historia.

Jina "Wabantu wa Kisomali" lilishika baada ya vita vya 1991, watu walipokimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilipokubali kupokea maelfu yao, likawa jina lenye tiketi ndani yake. Kabla ya hapo walikuwa Wagosha, au jareer, yaani wenye nywele ngumu, kama walivyotukanwa na majirani. Wazigua walifikishwa pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia, utumwani miaka ya 1830, wakati wa njaa, na waliotoroka wakajenga vijiji msituni kando ya mto. Lugha waliishika. Wenzao wengi wa mtoni wenye asili ya Kiyao na Kimakua walihamia Kimaay, lugha ya Wasomali wa kusini.

Kwa hiyo mimi huanzia kwa bibi: alikugombeza kwa lugha gani? Kisha mviko, yaani kikundi cha ngoma na matambiko. Hapa usiwe na haraka, maana mviko hurithiwa kwa mama, na fomu za ukimbizi huandika jina lako, la baba na la babu basi. Marekani jina la babu likageuzwa la ukoo; mama akawa na jina moja na wanawe jingine, shuleni wakamtilia shaka. Muulize mama peke yake, mume akiwa hayupo. Mwisho ndipo uulize kijiji, na ukoo wa Kisomali waliojiegemeza kwao kwa ulinzi. Ukitanguliza hilo la ukoo, wengi hufunga mdomo.

Mkalimani ndiye anayeharibu kazi mara nyingi. Msomali wa Mogadishu hasikii Kimaay vizuri, sembuse Kizigua, na mzee hatasimulia utumwa mbele yake. Mtafute Mzigua wa Handeni. Maneno mengi watasikilizana.

Waliofika Tanzania walipewa makazi Chogo, hukohuko Handeni, na baadaye uraia. Naona huko ndiko kwa kuwahi zaidi. Katikati ya Wasomali Kizigua kilikuwa ukuta. Chogo hakuna wa kumzuia mtoto asihamie Kiswahili. Rekodi bibi na mjukuu pamoja, uweke alama kila mjukuu anapojibu kwa Kiswahili.