Upote kwanza, moto baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea upinde karakanani, Kariobangi, akiwa ameuzungushia leso. "Fundi, mkono wa chini umejisokota. Nimeuweka juu ya jiko mara tatu, ukipoa unarudi vilevile." Nikaufungua. Tumbo lilikuwa limeungua hadi rangi ya kahawa, na kumbe kasoro haikuwa kwenye mti. Pengo moja la kushikia upote, yaani kamba ya upinde, lilikuwa limechimbwa kina kuliko la upande wa pili.

Nimeona hili mara nyingi mno, na linaniuma, kwa sababu mti mzuri wa upinde haupatikani kila siku. Mkono ukipotoka, watu hukimbilia moto. Mimi moto huuacha mwisho.

Tuelewane maneno kwanza. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji, na mikono ni sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio.

Kabla ya kugusa chombo chochote, chukua vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye urefu wa shubiri moja. Laza kimoja kwenye tumbo karibu na kishikio, kingine karibu na ncha, vyote vikikatiza mkono. Funga jicho moja, utazame kwa kuvifuatanisha. Vikienda sambamba, mkono umenyooka. Kimoja kikiinamia upande, hapo ndipo penye msokoto, na utauona hata ukiwa mdogo kiasi gani. Pima upinde ukiwa mtupu, halafu pima tena ukiwa umefungwa upote. Msokoto unaoonekana hata bila upote umo ndani ya mti: nyuzi zake zilizunguka shina tangu ukikua. Unaojitokeza baada ya kufunga tu unatoka kwenye upote wenyewe, au kingo mbili za mkono hazilingani nguvu.

Anza na upote. Kitanzi chake hukaa kwenye mapengo mawili, kushoto na kulia kwa ncha. Ukichimba pengo la kushoto, kitanzi huzama ndani upande huo na upote wote husogea kulia. Chukua tupa nyembamba ya mviringo, mikwaruzo mitatu au minne, funga, tazama tena. Upinde uliopotoka kidogo mara nyingi hupona hapo hapo.

Usipopona, tafuta ukingo dhaifu. Vuta upinde taratibu, nusu tu, mwenzako atazame kutoka kwenye ncha. Ukingo unaokuja zaidi upande wa mpigaji ndio dhaifu, kwa kuwa ndio unaokubali kupinda. Mkono wako utataka kuufanyia kazi ukingo huo. Uzuie. Mbao hupunguzwa kwenye ukingo wenye nguvu, upande wa tumbo, mpaka zote mbili zipinde sawa. Mgongo usiguswe kabisa: nyuzi zake ndizo zinazobeba mvuto, na ukizikata upinde utavunjika mikononi mwako. Mimi hutumia kipande cha kioo kilichovunjwa vizuri. Hutoa unyoya mwembamba wa mbao, na ni vigumu kukosea nacho. Nikikwangua mara kumi, naupinda upinde mara ishirini au thelathini kabla ya kupima tena, maana mti huchelewa kuonyesha ulichoufanyia.

Moto sasa. Huu ni wa msokoto uliomo ndani ya mti. Mbao mbichi usiiweke kwenye joto kavu, itapasuka. Hiyo ni ya mvuke. Na hapa Nairobi mvuke una tabia yake. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu digrii 94. Mafundi wengi hufuata kanuni ya saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mimi huongeza robo saa, la sivyo mbao haijalegea.

Mbao kavu napaka mafuta ya kupikia tumboni, naubana upinde kwenye jiliwa, kisha napitisha joto la makaa polepole kwenye sehemu iliyopotoka, kama sentimita 20 tu. Inapokuwa haishikiki kwa kiganja, nausokota mkono kwa koleo la chuma nililochomelewa na fundi wa Kamukunji, lenye ngozi ndani lisiache alama. Nazidisha kidogo kupita mstari, kwa kuwa mbao hurudi nyuma. Ubaki umebanwa mpaka upoe kabisa. Baada ya hapo usiuvute kwa siku kadhaa: joto limeondoa unyevu, na mbao iliyokauka mno huvunjika.

Lakini upote ukipita katikati ya kishikio na mshale ukienda sawa, acha msokoto wa mti ulivyo. Nina upinde wa mkone uliopotoka ncha zote mbili, na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Upinde wa yule kijana ulihitaji pengo la pili tu kuchimbwa lifikie la kwanza. Mikwaruzo minne, upote ukarudi katikati. Lile tumbo lililoungua nimelikwangua kwa kioo kadiri nilivyothubutu, na nimemwambia auvute nusu tu kwa mwezi mzima, akilitazama tumbo kila mara asije akaona mikunjo midogo ya mbao iliyoanza kukatika.