Aaron Burr hakumpinga Jefferson: tuyaweke sawa ya uchaguzi wa Marekani wa 1800

Wiki iliyopita nimesahihisha insha nyingine ya "ingekuwaje kama", na kwa mara nyingine nimemkuta Aaron Burr, mwanasiasa wa New York, akigombea urais dhidi ya Thomas Jefferson mwaka 1800. Mwandishi ana kipaji, maelezo yake yanavutia, lakini nyumba yote imejengwa hewani. Nimelisikia kosa hili darasani, kwenye midahalo na hata kwa walimu wenzangu. Nimechoka nalo, na linanisikitisha, kwa sababu ukweli wenyewe una utamu kuliko hadithi hiyo.

Dhana: Burr na Jefferson walikuwa wapinzani.

Walikuwa upande mmoja. Mei 1800 wabunge wa chama cha Jefferson, kilichojiita Republican (si hiki cha leo, ambacho kilizaliwa 1854), walikaa kikao wakakubaliana: Jefferson rais, Burr makamu wake. Wapinzani wao, chama cha Federalist, wakamsimamisha Rais John Adams pamoja na Charles Cotesworth Pinckney.

Kinachotupotosha ni mazoea ya mgombea mwenza. Sisi tunatia alama moja tunapata wawili, na tunadhani ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Katiba ya Marekani ya wakati ule ilimpa kila mjumbe wa uchaguzi (mtu aliyeteuliwa katika jimbo lake kumchagua rais) kura mbili, zote za urais. Hapakuwa na nafasi ya kuandika huyu awe rais na huyu makamu. Aliyeongoza kwa wingi wa kutosha alikuwa rais, aliyemfuata makamu. Ndiyo maana mwaka 1796 Adams alipata kura 71 na akaletewa makamu ambaye ni mpinzani wake, Jefferson mwenye 68.

Basi chama chenye akili kilitakiwa kumwambia mjumbe wake mmoja aipeleke kura ya pili kwingine. Federalist walilifanya hilo mwaka 1800: mjumbe mmoja wa Rhode Island alimpa John Jay, Adams akabaki na 65 na Pinckney 64. Upande wa Jefferson hakuna aliyefanya hivyo, na hesabu ikatoka Jefferson 73, Burr 73. Sare hiyo ikapelekwa Baraza la Wawakilishi, ambalo lilitakiwa kumchagua mmoja wao. Mjumbe mmoja tu angetupa kura yake, na Burr angekuwa makamu siku ileile bila mgogoro. Ukitaka "ingekuwaje" fupi na safi, ni hiyo.

Na kuna kubwa zaidi. Bila Burr, Jefferson asingefika hata kwenye sare. New York ilikuwa na kura 12, na waliochagua wajumbe wake ni bunge la jimbo. Aprili 1800 Burr alipanga safu ya wagombea wa bunge hilo katika jiji la New York, akawashawishi watu mashuhuri kama George Clinton na Jenerali Horatio Gates wakubali kusimama, wakashinda. Sasa chukua kalamu: zihamishe zile 12 kwa Adams. Adams 77, Jefferson 61. Anayechorwa kama adui ndiye aliyeufungua mlango.

Dhana: barua za Alexander Hamilton ndizo zilizomnyima Burr urais.

Hamilton, kigogo wa Federalist, aliandika kweli, tena kwa ukali, akimwona Burr ni hatari kuliko Jefferson. Lakini Federalist wengi katika Baraza la Wawakilishi hawakumsikiliza. Kura zilipigwa kwa jimbo, kila jimbo kura moja, majimbo 16, ushindi 9. Kuanzia Februari 11, 1801, matokeo yalirudi yaleyale: Jefferson 8, Burr 6, na mawili, Maryland na Vermont, yamegawanyika nusu kwa nusu.

Ya Maryland naipenda kuliko zote. Joseph Nicholson, mbunge wa jimbo hilo na mfuasi wa Jefferson, alikuwa na homa kali. Alibebwa katika theluji hadi bungeni, akalazwa katika chumba cha kamati, mkewe pembeni yake, na kila duru akapelekewa karatasi aandike. Angebaki nyumbani, Maryland ingemwangukia Burr. Hapo ndipo waandishi wangu wengi huruka na kumtangaza Burr rais. Hesabuni! Angefikisha 7, si 9. Vermont nayo ilishikiliwa na mbunge Matthew Lyon, mfuasi wa Jefferson aliyefungwa jela kwa sheria ya uchochezi ya 1798 na kuchaguliwa tena akiwa gerezani. Huyo hakuwa wa kuwapa Federalist chochote.

Aliyefungua fundo ni James Bayard, mbunge pekee wa Delaware. Aliona Burr hafiki 9, na Machi 4, siku ya kuapishwa, inakaribia bila rais. Duru ya 36, Februari 17, Federalist wa Vermont hakuhudhuria, wa Maryland wakaacha karatasi tupu, Jefferson akapata majimbo 10. Bayard mwenyewe hakumpigia. Delaware iliacha karatasi tupu.

Ushauri wangu kwa anayeandika hadithi za namna hii haubadiliki: andika majimbo 16 kwenye karatasi kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Mengine kwa haraka. Lile pambano la bastola kati ya Burr na Hamilton la Julai 1804 halikutokana moja kwa moja na 1801. Chanzo chake ni maneno ya Hamilton wakati Burr anagombea ugavana wa New York mwaka huohuo. George Washington, rais wa kwanza, hakupewa taji na taifa: ni Kanali Lewis Nicola aliyemwandikia Mei 1782 akipendekeza ufalme, na Washington akamkemea. Wala hakuzuiwa na sheria kugombea tena; kikomo cha vipindi viwili kiliingia katika Katiba mwaka 1951.

Andrew Jackson naye, aliyegombea urais mwaka 1824, hakuporwa ushindi alioupata. Alihitaji kura 131, akapata 99. John Quincy Adams, mtoto wa Rais Adams, 84, William Crawford 41, Henry Clay 37. Na Crawford ndiye aliyeteuliwa rasmi na kikao cha wabunge, ambacho kilihudhuriwa na watu 66 tu. Baada ya hapo hakuna mgombea urais aliyeteuliwa tena kwa njia hiyo.