Chai ina karatasi, dhahabu haina

Kabla ya mnada wa chai wa Jumanne, Mombasa, huwa nasimama mbele ya safu ndefu ya vikombe vyeupe. Nachota kijiko, nafyonza kwa kelele, nazungusha mdomoni, natema. Ndiyo kazi yangu: kuonja chai na kumwambia mnunuzi wa mbali anachonunua. Kila soko lina ulimi wake, nami huandika herufi kwenye daftari pembeni ya loti. P ni Pakistan, M ni Misri, S ni Sudan. Tangu Machi 2025 ile S imekauka.

Tarehe 11 mwezi huo, serikali ya Sudan, ambayo vita vilikuwa vimeihamishia Port Sudan, ilisimamisha bidhaa zote za Kenya, chai ikiwa mbele. Kosa halikuwa la chai. Mwezi uliotangulia, RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikutana Nairobi wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Mteja wangu mmoja, mtu wa Omdurman aliyekimbilia Port Sudan na familia yake, alinitumia ujumbe wa sauti: "Ndugu yangu, chai yako nzuri, ila nchi yako imetukosea." Kontena yake ilikuwa imeshapakiwa. Tuliiuza upya kwa bei nisiyotaka kuikumbuka.

Tangu hapo, hata barazani, sikosi kuulizwa: vita hivi mbona haviishi? Burhan, mkuu wa jeshi, na Hemedti, mkuu wa RSF, walianza kupigana 15 Aprili 2023, risasi wanazitoa wapi? Mimi si mtu wa majeshi. Jibu langu linatoka kwenye karatasi.

Chai haitoki ghalani Shimanzi ikamfikia mnunuzi bila ankara, hati ya shehena, cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea, na juu ya yote benki mbili zinazoaminiana. Zisipoaminiana, chai inalala ghalani ikipoteza harufu. Benki za Sudan hazikuaminiwa kwa miaka mingi. Marekani iliiweka Sudan kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi mwaka 1993, kisha 1997 ikaiwekea vikwazo vya biashara. (Kitu kimoja kiliachiwa mlango: ulimbo wa migunga, ule unaotiwa kwenye soda. Wenye viwanda vya soda walijua kuomba.) Vikwazo vya biashara viliondolewa Oktoba 2017, jina likafutwa kwenye orodha Desemba 2020. Kwa muda wote huo mfanyabiashara wa Khartoum aliyetaka dola alijifunza kuzungukia kwingine, hasa Dubai. Wateja wangu kadhaa walinilipa kwa njia hiyo hiyo.

Katikati ya miaka hiyo, Julai 2011, Sudan Kusini ikajitenga na kuondoka na takriban robo tatu ya mafuta. Serikali ikageukia dhahabu. Mwaka uliofuata ikapatikana kwa wingi Jebel Amer, Darfur Kaskazini, na 2017 vikosi vya Hemedti vikaushika mlima ule. Hapo ndipo mtu mwenye bunduki alipopata hazina isiyopitia wizara ya fedha. Dhahabu inaweza kusafiri ndani ya begi. Haiulizwi cheti cha afya ya mimea, wala haina muonjaji wa kusema hii ni ya bonde gani. Ikishayeyushwa, mfuko wa jeshi na mfuko wa RSF unafanana kabisa. Jeshi nalo lina migodi upande wake, na dhahabu nyingi ya Sudan, ya pande zote mbili, huishia Imarati, yaani Falme za Kiarabu yenye Dubai, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema tuhuma za kuipa RSF silaha kupitia Chad zinaaminika. Imarati inakana.

Jambo ninalotaka hasa mlione ni hili. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya benki kuu ya Urusi, kama dola bilioni 300. Benki kuu nyingine zikatazama, zikajiuliza kesho itakuwa zamu ya nani. China na wengine wakaongeza kununua dhahabu, kwa jumla zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Vita vya Sudan vilipoanza, wakia moja ilikuwa karibu dola 2,000. Oktoba 2025 ilipita 4,000. Si hilo peke yake lililopandisha bei, lakini lilisukuma sana. Hakuna aliyekaa Washington au Moscow akapanga iwe hivyo, lakini kila beseni la mchanga Darfur limeongezewa thamani na ugomvi wa Ulaya.

Wakubwa wengine wanaingia kwa maslahi ya wazi zaidi. Wagner, mamluki wa Urusi, walianza kwenye dhahabu, karibu na RSF, halafu Moscow ikasogea kwa jeshi, ikitamani kituo cha manowari Port Sudan. Tarehe 18 Novemba 2024 nchi 14 za Baraza la Usalama zilikubali azimio la kusimamisha mapigano. Urusi ikalizuia kwa kura ya turufu. Iran imelipatia jeshi droni. Marekani iliwawekea vikwazo Hemedti na Burhan wote wawili Januari 2025, vikipishana siku tisa tu. Vikwazo hivyo vinambana anayetumia benki. Mei mwaka huo droni zikapiga matangi ya mafuta na bandari ya Port Sudan, na mteja wangu akahamia Cairo.

Bado hunipigia. Juzi aliniambia kwamba ndugu zake waliobaki wanakunywa chai yenye cheti cha nchi nyingine, bei karibu mara mbili. Alitumiwa pakiti moja, akaipika bila maziwa, sukari nyingi, kama wapikavyo akina mama wa chai mitaani Khartoum.

"Nimeionja," akasema. "Hii imetoka kwako."

Nilimuuliza cheti kimeandikwa nchi gani. Akacheka, hakunijibu.