"Kesho nina kliniki": neno moja, dhana potofu kibao

Kuna mzee mtaani kwetu alisema "kesho nina kliniki", basi vijana wa kijiweni wakaangua kicheko, eti mzee una mimba ya miezi mingapi. Tuanzie hapohapo.

Dhana: kliniki ni ya wajawazito na watoto.
Ukweli: Tanzania wengi neno tumelijulia kwa mama, kadi mkononi, mtoto ananing'inizwa kwenye mzani analia, chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14. Ila hospitalini kliniki ni siku uliyopangiwa kurudi kuangaliwa, iwe presha, sukari, moyo, macho, hata CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ukitaja kliniki kama sehemu watu wanaelewa kajengo ka matibabu, lakini ukisema "nina kliniki" unaongelea tarehe. Kwenye makaratasi utakuta "hudhurio la marudio", ila sijawahi kusikia mtu akiongea hivyo kwenye daladala.

Dhana: nimeambiwa nirudi, kwaiyo dawa imegoma, au wanataka hela tu.
Ukweli: presha na sukari hazina dozi ya wiki moja ukamaliza ukaaga. Presha ikisoma vizuri maana yake mara nyingi ni kwamba dawa inafanya kazi, sasa wewe unaziacha kwa sababu "imeshuka", unategemea nini? Na TB ile ya kawaida dawa ni miezi 6, kikohozi kinaweza kuisha mapema kabisa lakini makohozi yanarudiwa kupimwa njiani, kwa sababu kujisikia nafuu sio kipimo.

Dhana: siku mbili kabla ya kliniki ya sukari acha soda na chapati, utasoma vizuri.
Hii naipenda maana karibu kila familia ina mtaalamu wake. Wiki nzima ni maandazi na chai ya sukari tele, Jumapili anaanza mlenda na dona kidogo, Jumanne anafika kashiba maji, kidole kinatobolewa kinasoma 6, anatabasamu. Halafu anaagiziwa kipimo kingine cha damu, HbA1c. Hicho kinaangalia sukari iliyong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120 hivi, kwaiyo kinatoa picha ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, maandazi yote yamo humo. Na hata asingepimwa hicho, anayedanganywa nani? Daktari anaona 6 anaacha dozi vilevile, wewe unarudi nyumbani na sukari yako.

Dhana: asubuhi ya kliniki usinywe dawa ya presha.
Ukweli: kama hujaambiwa uache, meza kama kawaida, wanataka kuona presha ukiwa kwenye dawa. Dawa za sukari ni tofauti, ukiambiwa uende bila kula uliza kwanza, kumeza au kuchoma insulini tumbo tupu sukari inaweza kushuka ukadondokea kwenye benchi.

Dhana: mama akishajifungua kliniki inabaki ya mtoto.
Hapana, mama naye ana zake mpaka wiki ya 6, kutokwa damu nyingi na kifafa cha mimba vinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Dhana: tarehe imenipita, watanifokea, bora nisubiri mwezi ujao.
Kufokewa labda, sikatai. Nenda kesho yake, beba kadi au daftari lako na vidonge vilivyobaki vyote, hata vile ulivyoruka, wavihesabu wenyewe.