Jamani, tuta si dawa ya kila ajali

Shikamoo zangu hazijaisha, mzee wa tatu akanyanyuka: "Injinia, tangu lami ije tunazika tu. Tuwekee matuta." Makofi. Hicho kilikuwa kijiji kimoja kati ya Tabora na Urambo, lakini ombi hilo hilo nimelisikia Kaliua, Nguruka, ng'ambo ya Daraja la Kikwete na Uvinza. Nimechoka, naandika.

Mzee ana hoja. Zamani mashimo na vumbi ndivyo vilikuwa trafiki wetu. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linameza mita 28 kila sekunde. Ukishuka hadi 50, umbali wa breki unabaki robo, si nusu. Hapo hatubishani.

Tunabishana kuhusu tuta lenyewe. Tuta la kitaalamu, kimo sentimita 10 na upana mita 3.7, limetengenezwa kwa gari ambalo tayari limepunguza mwendo. Dereva aliyetoka kwenye barabara ya miomboni iliyonyooka kama uzi, kilomita baada ya kilomita, hajapunguza kitu: 80 kwake ni kama anatembea. Lazima aambiwe mapema, kwa vibao, kwa rasta (vile vituta vyembamba vilivyopangwa mfululizo kutikisa gari), kwa rangi inayong'aa usiku. Ninyi mnataka zege mbele ya kilabu, basi. Baada ya miezi michache rangi imefutika na kibao kimeng'olewa. (Kimoja nilikikuta kimekuwa mlango wa banda la kuku, 50 ikiwa imesimama kichwa chini.) Saa nane usiku fuso la chumvi kutoka Uvinza linakanyaga breki likiwa juu ya tuta, la nyuma yake linalivaa. Mchana bodaboda halipandi tuta, analikwepa kwa kupita kwenye bega la barabara. Na begani kuna nani? Watoto wa shule, baiskeli za mkaa, mama wa asali. Yaani tumemtoa mwenye injini njiani, tukampeleka kwa wenye miguu!

Masika maji yanatuama kando ya tuta na lami inaachia. Hilo nalipita.

Mimi ningeanza na njia ya miguu ng'ambo ya mtaro na kituo cha basi kilichoingia ndani, halafu mlangoni mwa kijiji pabanwe kidogo ili dereva ajue ameingia kwa watu. Rasta peke yake sina imani nazo sana. Madereva wenyeji wanajua kwamba ukizipita mbio zinatikisa kidogo kuliko ukizipita taratibu. Na nikiri: mbele ya shule ya msingi nimewahi kusaini tuta, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha bei ile. Kesho ningesaini tena.

"Kwa hiyo hutuwekei?" mzee akauliza. Nikamwonyesha meza ya mjukuu wake ya kuuzia nyanya, hatua moja kutoka mstari mweupe. Nikasema, mzee wangu, tuanze kwa kusogeza ile.

"Ile," akasema, "ndiyo inatulisha."