Mchoraji shabiki ni nani?

Siku hizi ukisikia "mchoraji shabiki" unamfikiria mtu anayemchora mhusika anayempenda kutoka kwenye filamu au mchezo wa kompyuta. Maana hiyo ipo, ila kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi na fantasia neno hili lina maana nyingine, ya siku nyingi: ni mchoraji anayewachorea mashabiki wenzake bila kulipwa. Achore roketi, joka au paka aliyevaa kofia ya mwanaanga, ni juu yake. Muhimu ni mahali kazi inapotokea, yaani majarida ya mashabiki na maonyesho yao, si kwa mchapishaji anayelipa.

Majarida hayo, yanayoitwa fanzini, yalianza Marekani mwaka 1930. Mengi yalichapwa kwa stensili, na hapo ndipo mkono wa mchoraji ulipopimwa. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha wino unapenya pale nta ilipotoka. Ukikandamiza, inachanika. Ukitaka sehemu kubwa iwe nyeusi tii, imekuharibikia. Kwa hiyo kivuli kilijengwa kwa nukta na vistari vifupi, na kiumbe mzima wa sayari nyingine alisimama kwa mistari michache tu. Mimi navipenda mno vile vichoro vidogo vilivyowekwa mwishoni mwa makala ili kujaza nafasi iliyobaki. Ujira wa mchoraji ulikuwa nakala ya jarida, na pengine neno zuri kutoka kwa msomaji kwenye barua za toleo lililofuata.

Mwaka 1960, kwenye kongamano la dunia la mashabiki lililofanyika Pittsburgh, Bjo Trimble aliandaa onyesho la sanaa, na desturi hiyo ikashika mizizi. Tangu hapo mchoraji aliyejulikana kwa vichoro vya stensili alipata pia ukuta wa kutundika picha za rangi, na wanunuzi mbele yake.

Tuzo ya Hugo, tuzo maarufu ya hadithi za kisayansi na fantasia inayopigiwa kura na mashabiki, ilimfungulia mchoraji shabiki kundi lake mwaka 1967. Mshindi wa kwanza, Jack Gaughan, mwaka huohuo alishinda pia kama mchoraji wa kulipwa! Mashabiki wakaona hilo halifai, na kanuni ikabadilishwa ili mtu asigombee pande zote mbili kwa mwaka mmoja. Kisa hicho kinaonyesha vizuri kwamba "shabiki" hapa si daraja la chini la ustadi. Mkono ni uleule. Kilicho tofauti ni kazi imetolewa kwa nani, na kwa masharti gani.

Wengine hupitia hapo wakaendelea mbele. Tim Kirk alishinda tuzo hiyo mara tano kati ya 1970 na 1976, na picha zake za ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, zikatumika kwenye kalenda ya mwaka 1975. Hiyo ni safari ya heshima, lakini si lazima kila mtu aifuate.

William Rotsler hakuifuata. Alikuwa mpiga picha, mchongaji na mwandishi, lakini kwa miongo mingi aliendelea kuwapa wahariri wa fanzini vichoro vyake watumie watakavyo. Alishinda 1975, 1979, 1996 na 1997. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka: Uhura, mhusika wa Star Trek ambaye jina lake limetokana na neno "uhuru", hakuwa na jina la kwanza katika tamthilia ya awali ya televisheni. Rotsler ndiye aliyempa jina Nyota, katika kitabu chake cha mwaka 1982.

Alifariki Oktoba 1997. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Tuzo ya Rotsler, na hii haiangalii picha moja wala mwaka mmoja. Inatolewa kwa kazi ya maisha yote ya mtu aliyewachorea mashabiki.